Mama mkwe anasema mwanangu ana meno ya plastiki, nimkatalie vipi?

Shikamoo shangazi,

Naandika usiku huu mtoto akiwa amelala kifuani kwangu, kwa hiyo nisamehe nikirukaruka. Nina watoto wawili, naishi Kihonda hapa Morogoro. Huyu mdogo ana miezi minane. Leo ni siku ya nne anaharisha, choo cha majimaji, jana nilihesabu mara saba, leo mara sita kabla hata ya magharibi. Anatapika kidogo, hasa akinywa uji. Usiku mwili unachemka, asubuhi unapoa. Kunyonya ananyonya, lakini si kama zamani: anavuta kidogo, analia, anasukuma titi.

Tunaishi na mama mkwe. Juzi alimfunua mtoto kinywa, akampapasa fizi kwa kidole, akaniita nikaone. Kweli shangazi, niliona. Kwenye ufizi wa juu, kulia na kushoto, kuna viuvimbe viwili vyeupevyeupe, na akiguswa hapo analia. Mama anasema hayo ndiyo meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha, na yasipotolewa yatamuua. Mtaa wa pili kuna bibi anayeyatoa. Wameshaongea naye, tumepangiwa Jumamosi asubuhi. Leo ni Jumatano.

Nilipotaja hospitali akaniambia, "Hospitali hawayajui hayo meno. Watakupa maji ya pakiti, mtoto atakufia mikononi." Anasema hata mume wangu alitolewa akiwa na miezi saba, siku ya tatu akapona. Wifi yangu naye wa kwake alitolewa. Mume wangu yupo katikati, anachosema ni kwamba mama amelea sita, mimi nina wawili.

Duka la dawa walinipa ORS, ule unga wa pakiti wa kuchanganya na maji. Nilikuwa namimina unga kidogo kwenye kikombe, nachanganya, nampa, akatapika, nikaacha. Jirani akasema nimpe soda iliyotolewa gesi. Mama akasema nipunguze kumnyonyesha ili tumbo lipumzike, na kwa kweli nimepunguza. Mchana nakuwa gengeni, nauza nyanya na mboga, narudi saa kumi. Uji naupika saa kumi na mbili asubuhi, nauacha kwenye chupa ya chai, mama ndiye anayempa.

Sitaki kumvunjia heshima. Nilipojifungua alinilea siku arobaini kama mwanawe wa kuzaa. Lakini nikifikiria mtu anachokonoa kinywa cha mwanangu kwa spoku ya baiskeli, usingizi unapotea. Je, ni kweli haya meno yapo? Nifanye nini kabla ya Jumamosi?

Mama asiyelala, Kihonda

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lisilosubiri Jumamosi. Kesho alfajiri acha genge, mpeleke mtoto zahanati. Kuharisha siku nne, homa, kutapika na titi analisukuma: mambo hayo yakikutana kwa mtoto wa miezi minane hayaangaliwi nyumbani. Chukua kadi yake ya kliniki. Mweleze mhudumu yote uliyonieleza mimi, na uombe apimwe malaria, kwa sababu homa inayopanda na kushuka kwa mtoto wa kwetu haipewi jina lolote kabla ya kipimo. Malaria nayo inaharisha watoto na kuwatapisha, na ikicheleweshwa siku moja tu kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali.

Na usiku huu huu, kabla hujaendelea kusoma, mwangalie. Macho yamezama? Utosi umebonyea? Finya ngozi ya tumbo lake taratibu, pembeni ya kitovu, kisha iachie: inarudi papo hapo au inabaki imesimama kidogo? Amekojoa tangu jioni? Ukimwona amelegea kiasi kwamba hata kumwamsha ni shida, hawezi kunyonya wala kunywa kabisa, anatapika kila kinachoingia, ameshikwa na degedege, au choo kina damu, usingoje kuche. Mwamshe mume wako, tafuteni bodaboda au bajaji, nendeni hospitali sasa hivi, na njiani uendelee kumpa titi kama analipokea.

Sasa hayo meno.

Viuvimbe ulivyoviona vipo, na mama mkwe wako hakukudanganya alipokuita uvione. Ila si plastiki. Ni chonge. Meno ya utoto hayaumbwi siku yanapotokeza. Yanakuwa ndani ya ufizi tangu mtoto yuko tumboni mwako, na katika umri huu ufizi ulio juu ya chonge huwa umetuna na kupauka. Yenyewe yatatokeza baadaye, watoto wengi kati ya miezi 16 na 23. Anayeyatoa sasa anakuta kitu cheupe, laini, kidogo kama punje ya mchele mbichi, kwa sababu jino bado halijakomaa, halijawa gumu. Ndiyo maana watu wakaliita plastiki. Akikuonyesha kiganjani utaapa kwamba si jino. Ni jino la mwanao, limetolewa kabla ya wakati wake.

Fanya jambo moja ambalo halihitaji ubishi na mtu. Katika mtaa wenu hakosekani mtoto mwingine wa miezi saba au minane, mnene, mchangamfu, asiyeharisha. Muombe mama yake, mama mkwe wako ampapase fizi kwa kidole kilichonawishwa kwa sabuni. Atazikuta chonge pale pale, kulia na kushoto. Kama meno hayo yangekuwa yanaharisha, mtaa mzima ungekuwa unaharisha.

Unaweza kuniuliza, mbona basi mume wangu alipona? Hapa ndipo akina mama wengi hunasa, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Hesabu na mimi. Leo Jumatano ni siku ya nne. Jumamosi itakuwa siku ya saba. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja hivi, mradi mtoto asikaukiwe maji. Bibi angemtoa meno Jumamosi, Jumatatu choo kingeshika, na mtaa mzima ungesema bibi ana mkono. Mtu hampeleki mtoto kwa bibi siku ya kwanza. Anampeleka akiwa ameshachoka, siku ya tano, ya sita, wakati ugonjwa wenyewe unakaribia kuondoka. Sifa anazipata yeye. Watoto ambao hawakupona hawatajwi kwenye hadithi hizi. Kwao husemwa kwamba walicheleweshwa.

Na kwa nini kuharisha kunakuja wakati huu huu wa fizi kuvimba? Kwa sababu miezi sita hadi kumi ni umri wa mambo mengi kwa mpigo. Mtoto ameanza uji na maji. Anatambaa, anaokota kila kitu na kukipeleka kinywani. Kinga aliyotoka nayo kwako inapungua, na yake mwenyewe ndiyo kwanza inajengeka. Fizi zinawasha, kwa hiyo anatafuna vidole, kijiko, ndala. Meno na kuharisha ni kama wapangaji wawili waliohamia nyumba moja mwezi mmoja. Hakuna aliyemleta mwenzake.

Nilifanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi. Nimewapokea watoto waliotoka kutolewa. Simsahau mmoja aliyeletwa amefungwa kanga shingoni, damu imechirizika hadi kifuani, na mama yake anarudia neno moja tu, "Waliniambia atapona." Mtoto wa kilo nane, damu yake yote mwilini haifiki robo tatu ya lita. Ukimchokonoa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji, damu inayotoka si kidogo kwake hata kama kwako inaonekana kidogo. Chombo nacho ni spoku, kisu au wembe, na kimetumika kinywani kwa mtoto wa jana. Hapo ndipo vijidudu huingia moja kwa moja kwenye damu, hapo ndipo pepopunda na VVU hupata njia. Na chonge ya ukubwani inaanza kuumbwa jirani tu na ile ya utotoni, kwa hiyo baadhi ya watoto hawa hukua na meno yaliyopinda, yenye madoa, au pengo lisilozibika. Mwombe mume wako acheke vizuri mbele ya kioo, aangalie chonge zake. Huenda atajifunza kitu hapo.

Kama kuna msomaji ambaye wa kwake ameshatolewa, mama, usijifiche kwa aibu. Nenda hospitali leo, useme wazi kilichofanyika. Kidonda kitasafishwa, wataangalia damu yake na chanjo yake ya pepopunda. Nesi akikugombeza, vumilia, cha muhimu mtoto ahudumiwe.

Turudi kwenye "maji ya pakiti," maana neno hilo limeniuma. Mwaka 1971, vita vilipowakimbiza watu kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh, kipindupindu kilizuka kwenye kambi za wakimbizi upande wa India. Pale Bangaon daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliishiwa dripu. Akachanganya sukari, chumvi na maji safi kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100. Wakashuka hadi kama 3 au 4. Hicho ndicho kilichomo kwenye pakiti uliyoiacha. Sababu yake ni hii: utumbo unapougua, maji matupu yanapita tu, lakini sukari na chumvi vikiwa pamoja kwa kipimo sahihi hupenya ukuta wa utumbo kwa pamoja, na maji huvifuata ndani. Kipimo kikiharibika, dawa inaharibika.

Na kwako kipimo kiliharibika, mwanangu. Pakiti moja haigawanywi kwenye vikombe. Kata pakiti, mimina unga wote kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga mpaka uyeyuke. Huna kipimo? Chupa mbili za maji ya dukani za nusu lita ni lita moja. Pakiti nyingine ni za maji kidogo zaidi, kwa hiyo soma ilivyoandikwa. Funika, na baada ya saa 24 mwaga kilichobaki, changanya mapya. Unga mwingi kwenye maji kidogo ni chumvi nyingi kwa mtoto, unamzidishia kiu, kutapika na hatari.

Kumpa nako kuna namna yake. Mtoto anayetapika hapewi kikombe. Mpe kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja, subiri dakika moja au mbili, kingine. Akitapika, usikate tamaa: subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Kila anapoharisha, kwa umri wake, afikishe robo hadi nusu kikombe. Ni kazi ya kukaa chini na kuvumilia, inachosha mkono, na ndiyo inayookoa.

Ukikosa pakiti usiku na duka limefungwa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa kwa kisu, si vya mlima. Hayo ni ya kuvukia usiku tu. Soda usimpe tena. Sukari yake nyingi inavuta maji ya mwili kuyapeleka utumboni, choo kinazidi. Juisi za boksi vilevile.

Titi rudisha leo, mara nyingi kuliko zamani. Tumbo la mtoto halipumziki kwa njaa, linadhoofika. Tena maziwa yako ni maji na chakula na kinga kwa wakati mmoja. Akisukuma, tulia, mkamulie kwenye kikombe kisafi umpe kwa kijiko. Uji nao anywe, mzito wa kawaida, kidogo kidogo. Akishapona umwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili afidie alichopoteza.

Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki. Mtoto aliyezidi miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa yako au maji safi, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Wengi huacha siku choo kinaposhika. Usiache, hizo siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu inayofuata. Duka la dawa wakikushawishi ununue Flagyl au dawa ya kufunga tumbo, kataa. Kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi ambavyo dawa hizo hazivigusi, na za kufunga tumbo kwa mtoto mchanga ni hatari. Antibayotiki atapewa akipimwa na kuonekana anaihitaji.

Sasa naomba tuzungumze kuhusu ile chupa ya chai, kwa sababu nadhani mchawi mwenyewe amekaa pale.

Uji wa saa kumi na mbili asubuhi unafunguliwa saa tatu, unafunguliwa saa sita, saa nane umebaki vuguvugu. Vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu vinaipenda kuliko zote, na uji wa lishe wenye karanga na maziwa ni shamba lao. Kifuniko cha chupa kina mpira na mifereji ambayo brashi haifiki. Kila siku mtoto anakunywa kidogo cha jana. Badala yake, acha unga uliokwisha kupimwa kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mama aupike kidogo kidogo, unaotosha mlo mmoja, anywe ungali mpya. Kilichobaki baada ya muda wa saa mbili asipewe mtoto. Mkaa au gesi vitaongezeka kidogo, lakini piga hesabu ya bodaboda, dawa na siku ambazo genge limefungwa. Na kama ana chupa ya chuchu, itoe nyumbani. Kikombe na kijiko vinasafishika, chuchu haisafishiki kirahisi.

Maji yake ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yawekwe kwenye ndoo yenye kifuniko na koki, kusiwe na kata wala kikombe kinachochovywa humo na kila mkono. Sabuni iwe sehemu mbili: mlangoni mwa choo, na pale anapolishiwa mtoto. Nguo za kinyesi cha mtoto nazo watu huzidharau wakidhani choo cha mtoto hakina madhara. Kina. Kimwagwe chooni, mikono inawe.

Kwenye kadi yake tazama kama alipata chanjo ya rota, ile ya virusi vya kuharisha, akiwa na wiki 6 na wiki 10. Tanzania inaitoa bure tangu 2013. Kama nafasi hizo ziko wazi, mwulize nesi. Na mwezi ujao ana chanjo ya surua, usiikose kwa sababu ya ugonjwa huu.

Limebaki la mama mkwe, ambalo najua ndilo lililokutoa usingizi.

Usibishane naye usiku, na usibishane naye mbele ya wifi. Huyu mama haji kwa ubaya. Anaogopa kumzika mjukuu, na siku ile alipokuwa na mtoto wake mgonjwa, huenda hakuna aliyemweleza neno hata moja la haya ninayokueleza wewe. Neno la kukataa spoku lisitoke kwako. Litoke kwa mwanawe. Kaa na mume wako leo au kesho asubuhi, msomee barua hii, umwambie wazi kwamba kusema "mama amelea sita" si kukaa katikati, ni kuchagua upande. Kisha aende naye zahanati, na mama aende pia. Wote watatu. Mama akisikia kwa masikio yake, akauliza maswali yake mwenyewe kwa mhudumu, ni tofauti kabisa na kuletewa habari na mkwe.

Mkirudi, mkabidhi yeye kazi ya kijiko. Mwambie, "Mama, mimi mkono wangu hauna subira kama wako, nisaidie kumnywesha." Hii si hila. Ni kweli kwamba mchana yeye ndiye anayekaa na mtoto, na dawa hii inategemea mkono wake kuliko wako. Aliyekesha na kijiko akaona macho ya mtoto yanarudi, hahitaji kuhubiriwa.

Jambo moja tu usiahidi, hata mkibanwa vipi: usiseme "tujaribu hospitali, ikishindikana tutakwenda kwa bibi." Choo kinaweza kuendelea siku mbili tatu hata dawa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu ORS haizuii kuharisha, inazuia kukaukiwa. Kinachoangaliwa ni macho, mkojo, uchangamfu. Ikifika wiki ya pili bado anaharisha, au dalili zile za mwanzo zikitokea, mnarudi hospitali.

Bibi wa mtaa wa pili mpelekeeni salamu mapema, Ijumaa, kwamba Jumamosi hamtakwenda. Aende mume wako. Na Jumamosi yenyewe usifungue genge. Nyanya mwachie jirani akuuzie. Kaa nyumbani, mtoto awe mgongoni kwako, na uniandikie Jumatatu unieleze alivyoamka.